Namba ya mkulima India: kuigawa ni rahisi, kazi iko kwenye rejista

Tangu serikali kuu ya India ilipopitisha mpango wake wa kilimo cha kidijitali Septemba 2024, kwa bajeti ya rupia bilioni 28.17, majimbo yako mbioni kumpa kila mkulima namba yake ya utambulisho. Lengo ni kuwafikia wakulima milioni 110 ifikapo mwaka wa fedha 2026/27. Huku kwetu habari hizo hufika na sura mbili. Wapo wanaozishangilia, kwamba India imewakomesha madalali kwa simu na namba. Wapo wanaozitilia shaka, kwamba dola sasa imemfuata mkulima hadi shambani. Pande zote mbili zimekodolea macho namba, na hapo ndipo zinapokosea. Mkulima anapojiandikisha, mfumo hauendi kumwona akipalilia. Unakwenda kwenye rejista ya ardhi ya jimbo, unatafuta jina lake, na ukilikuta unamfungia vipande vilivyoandikwa chini ya jina hilo. Namba basi haiwezi kuwa nzuri kuliko rejista iliyo nyuma yake, na rejista huwa nzuri au mbovu kwa jambo la kiofisi ambalo hakuna waziri anayelikatia utepe: shamba likibadili mwenyewe, jina linabadilika baada ya siku ngapi, kwa saini ya nani, na likikosewa linasahihishwa wapi.

Anayetaka kuliona jambo hilo kwa karibu afuate kazi ya Rajeev Chawla, ofisa wa utumishi wa umma wa India aliyepangiwa jimbo la Karnataka. Ndiye aliyesimamia Bhoomi, yaani "ardhi", mradi ulioingiza rejista za mashamba za jimbo zima kwenye kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baadaye alishika mfumo wa mishahara na kumbukumbu za watumishi wa jimbo, akapitia idara ya upimaji ardhi, akajenga FRUITS, sajili ya wakulima ya Karnataka, kisha akawa mshauri wa Wizara ya Kilimo mjini Delhi katika mpango huohuo wa namba. Safari hiyo husimuliwa kama habari ya mtu mmoja aliyeleta kompyuta mahali palipokuwa na madaftari. Ukiisoma hivyo, unabaki na kompyuta mkononi na hujui uifanyie nini.

Kwanza daftari lenyewe. Mkulima wa Karnataka hulijua kwa jina la pahani. Jina lake rasmi ni kumbukumbu ya haki, upangaji na mazao. Ni ukurasa mmoja kwa kila kipande: namba ya upimaji, namba ya "hissa" (neno lilelile la hisa tunalolitumia sisi), ukubwa kwa ekari na gunta, ambapo gunta 40 ni ekari moja, aina ya udongo, jina la mmiliki, deni la benki, na kilichopandwa msimu ule. Bila nakala yake hupati mkopo wa msimu, huwezi kwenda mahakamani, wala huuzi. Kabla ya Bhoomi, kurasa hizo zilikuwa mikononi mwa makarani wa ardhi wa vijiji wapatao 9,000, kila mmoja akiwa na vijiji vitatu au vinne. Karani alikuwa ofisi inayotembea: leo yuko kijiji hiki, kesho yuko harusini, na daftari liko naye. Alikuwa na uwezo wa kuchelewesha, wa kusema ukurasa umeliwa na mchwa, wa kufuta na kuandika upya. Nakala ya karatasi moja ilikuwa na bei mbili, ya serikali na ya karani.

Majaribio ya kompyuta yalikuwapo kabla ya Chawla, na ndiyo yanayofundisha zaidi. Serikali kuu ilianza kugharamia uingizaji wa rejista za ardhi mwishoni mwa miaka ya 1980 katika wilaya chache za majaribio, na Gulbarga ya Karnataka ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Data iliingizwa, mashine zikawekwa makao makuu ya wilaya, na mambo yakaishia hapo. Sababu haikuwa mashine. Shamba hubadilika mikono kila siku, baba akifa, ndugu wakigawana, mtu akiuza nusu. Mabadiliko hayo yalikuwa yakiandikwa kijijini na kwenye ofisi ya taluk, ambayo ni kama tarafa kubwa, ilhali kompyuta iko wilayani na hakuna aliyepewa wajibu wa kuyapeleka huko. Haikuchukua muda, kompyuta ikawa inaonyesha ardhi ya juzi na daftari linaonyesha ardhi ya leo. Mwenye akili anaamini lipi? Ofisa akashika daftari, na mashine ikafunikwa kitambaa.

Bhoomi iligeuza mpangilio huo. Kompyuta ziliwekwa kwenye ofisi za taluk, zaidi ya 170, pale uamuzi unapofanyika. Kumbukumbu zipatazo milioni 20 za wamiliki milioni 6.7 ziliingizwa kwa Kikannada, lugha ya jimbo, na kampuni za kukodi. Kisha zilichapishwa na kurudishwa kwa makarani walewale wa vijiji wazilinganishe na madaftari yao mstari kwa mstari, wasahihishe, na tehsildar, mkuu wa taluk, athibitishe. Hapa kuna ujanja wa kiutawala ambao wachambuzi wengi huupita mbio: karani aliyekuwa tatizo alilazimishwa kuweka saini yake chini ya toleo la mwisho la daftari lake. Taluk ilipokamilika, jimbo likatoa tangazo kwamba nakala ya kuandikwa kwa mkono kutoka taluk hiyo si halali tena. Siku hiyo moja ina uzito kuliko programu nzima. Mahali ambapo daftari na kompyuta vinaachwa viishi pamoja "kwa muda wa mpito", daftari hushinda daima, kwa kuwa ndilo lenye mtu nyuma yake. Serikali nyingi huogopa siku hiyo, nazo zina haki ya kuogopa, maana ukiifunga daftari yenye makosa umeyafunga na makosa.

Ukiingia kwenye dirisha la huduma la wakati ule, ulikuta skrini mbili. Moja ilimtazama karani, ya pili ilimtazama mkulima ili aone kinachoandikwa. Alilipa rupia 15, akataja namba ya upimaji au jina, na nakala ikatoka. Akitaka jina libadilishwe, ombi liliingizwa na kupewa namba ya foleni. Programu ilimlazimisha ofisa kushughulikia maombi kwa zamu yalivyoingia. Tangazo lilitolewa kwa wenye maslahi, na kwa siku 30 hakuna aliyeweza kupitisha lolote, hata angependa. Pingamizi likija, suala linatoka kwa mkaguzi wa mapato, ofisa wa ardhi aliye chini ya tehsildar, na kwenda kusikilizwa na tehsildar mwenyewe. Likipita, amri na uthibitisho wa tangazo vinachanganuliwa na kuhifadhiwa kama picha, na ofisa anaidhinisha kwa alama ya kidole. Kwa nini kidole, na si nywila? Kwa sababu nywila huazimwa. Ofisa aliyezoea kusema "sikusaini mimi" au "nilimwachia mtu" hakuwa tena na pa kujificha.

Matokeo yalionekana, na tusiwe wachoyo wa kuyasema. Taasisi ya Public Affairs Centre ya Bangalore, mji mkuu wa Karnataka, iliwahoji watumiaji katika miaka ya mwanzo. Waliokuwa wametumia mfumo wa zamani, takriban wawili kati ya watatu walisema walitoa hongo. Waliotumia madirisha ya Bhoomi walikuwa asilimia 3. Takwimu hiyo imezunguka dunia nzima kwenye semina, na ndiyo chanzo cha kutoelewana kwingi. Kupata nakala ya kilichokwisha kuandikwa ni jambo moja, kubadilisha kilichoandikwa ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni uchapishaji, mashine inalimudu. La pili lina hukumu ndani yake: huyu kweli ni mrithi, mpaka uko hapa au pale, dada aliyeolewa mbali amejulishwa au hakujulishwa. Hukumu hiyo ilibaki kwa watu, na mkaguzi bado alipaswa kwenda kijijini. Hata foleni huanza kuhesabu pale ombi linapoingizwa tu. Anayetaka kukuchelewesha hucheleweshea mlangoni, kwa kusema karatasi fulani imepungua, kabla mashine haijakufahamu.

Wakosoaji wa Bhoomi hawakuwa watu wa mzaha. Mwaka 2007 Solomon Benjamin na wenzake walidai kwamba mfumo ulihamisha mamlaka kutoka kijijini hadi taluk, kwamba rushwa haikutoweka bali ilipanda ngazi, na kwamba kuweka rejista wazi na safi kuliwanufaisha zaidi wanunuzi wakubwa waliokuwa wakikusanya ardhi kuzunguka Bangalore. Hoja hii ina nguvu. Karani wa kijiji alikuwa mla rushwa, lakini alikuwa mla rushwa wa jirani: mtu alijua nyumba yake, alimbembeleza, alimtumia mjomba. Tehsildar hafikiki hivyo. Na habari inayopatikana kwa urahisi humsaidia kwanza yule mwenye fedha na wakili wa kuitumia. Ninachokataa ni hitimisho ambalo baadhi ya wasomaji wa hoja hiyo hulitoa, kwamba bora daftari lingebaki. Wakati wa daftari mnunuzi mkubwa hakukwama. Alimlipa karani. Aliyekwama ni mwenye ekari mbili aliyehitaji nakala kwa ajili ya mbolea ya mkopo.

Jimbo jirani la Telangana limetupa kipimo bora kuliko mabishano ya wasomi. Mwaka 2020 lilifuta kada nzima ya maofisa mapato wa vijiji, wenzao wa wale makarani wa Karnataka, na Oktoba mwaka huo likazindua Dharani, mfumo wake wa rejista ya ardhi. Tehsildar alisajili mauzo na kubadilisha jina hapohapo, kwa kikao kimoja. Kwa kasi, Dharani iliiacha Bhoomi mbali. Lakini data yake ilitokana na zoezi la haraka la kuhuisha kumbukumbu lililofanyika 2017. Vipande vyenye utata viliwekwa kando, vingine vikaangukia orodha ya ardhi isiyoruhusiwa kuuzwa, na njia ya kusahihisha ikabanwa juu, kwa mkuu wa wilaya au mahakamani. Mtu mwenye gunta kumi zilizoandikwa kimakosa akawa anafukuzia saini ya mtu anayeongoza wilaya nzima. Malalamiko yakawa suala la uchaguzi, serikali ikabadilika, na Aprili 2025 mfumo huo ukapisha mwingine, Bhu Bharati, uliorudisha ngazi za rufaa. Zile siku 30 za Bhoomi, ambazo mtaalamu wa mifumo angeziona ni uzembe wa kufutwa, zilikuwa ndizo breki.

Sasa turudi kwenye namba. FRUITS ndiyo mama yake kwa Karnataka. Mkulima hutoa namba yake ya utambulisho wa taifa, Aadhaar, na namba za vipande vyake. Mfumo huvuta kumbukumbu za Bhoomi na kulinganisha majina. Zikikubaliana, anapata namba ambayo idara zote huitumia: ruzuku, ununuzi wa mazao kwa bei ya serikali, fidia ya ukame. Hata benki inayotoa mkopo hutuma taarifa ya deni moja kwa moja kwenye rejista, kazi ambayo zamani mkulima aliibeba mwenyewe kwa miguu kutoka benki hadi kwa msajili hadi taluk. Haya ni manufaa ya kweli, na anayeyadharau hajawahi kupanga foleni tatu kwa siku moja akitokea shambani.

Kinachokwama hukwama kwa namna zinazotabirika. Ya kwanza ni jina. Pahani humwandika mtu kwa Kikannada na kwa nasaba, na kiunganishi chake ni "bin", lilelile la pwani yetu. Tuseme Basappa bin Mallappa. Kitambulisho cha mtu huyohuyo, kwa herufi za Kiingereza, kinasema Basavaraj M. Mashine inaona watu wawili, jirani yeyote angeona mmoja. Ya pili ni hesabu. Kwenye pahani, safu ya 3 hutaja ukubwa wa kipande kizima na safu ya 9 hutaja wamiliki na fungu la kila mmoja. Mafungu yakijumlishwa mara nyingi hayalingani na jumla, kwa sababu ya makosa ya miaka na miaka ya kugawana kwa maneno. Daftari lilivumilia tofauti ya gunta tatu. Kompyuta haivumilii, na usahihishaji unahitaji amri ya ofisa. Ndiyo maana Karnataka baadaye ilidai mchoro wa mpimaji, unaoitwa 11E, kabla ya kuuza sehemu ya kipande. Utaratibu huo ulizuia makosa mapya, nao ukamwongezea muuzaji safari nyingine, ya kwa mpimaji.

Ya tatu ndiyo kubwa: marehemu. Mashamba mengi bado yako kwa jina la babu. Watoto walilima, wakagawana kwa kuwekeana mawe, na hakuna aliyekwenda taluk kwa kuwa hapakuwa na sababu. Sasa sababu ipo. Malipo ya serikali kuu kwa wakulima, rupia 6,000 kwa mwaka kwa mafungu matatu, yanamtaka anayelipwa awe ameandikwa mmiliki tangu Februari 1, 2019, na baada ya tarehe hiyo mlango ulioachwa wazi ni wa urithi. Mjane basi huhitaji cheti cha kifo, mti wa ukoo uliothibitishwa, na ridhaa ya mashemeji ambao huenda wanamsubiri achoke. Kwake, kuandikishwa kama mkulima ni kesi ya mirathi. Jimbo likimtangaza kuwa "hajajitokeza", linamsingizia.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ni ile inayosema namba yenyewe itamaliza udanganyifu kwa kuwa kila mtu ana moja. Namba huzuia mtu mmoja kulipwa mara mbili, na hiyo ni kazi ya kweli. Haizuii kumlipa mtu asiyestahili mara moja, kwa mpangilio mzuri, kila msimu. Mwenye shamba anayeishi Bangalore na hajashika jembe miaka ishirini atapita kila hatua ya ulinganisho bila doa. Jina lake ni safi, ardhi ni yake, akaunti ipo. Dada yake hoja hiyo ni ile ya shujaa, kwamba nchi inahitaji tu akina Chawla wengi zaidi. Ofisa wa India huhamishwa wakati wowote. Kinachobaki akiondoka ni tangazo lililofuta daftari, kanuni ya foleni, siku 30, na ngazi ya rufaa. Pale vitu hivyo vilipoandikwa kwenye kanuni vilimshinda aliyemfuata aliyetaka kuvilegeza. Palipokuwa na bidii ya mtu tu, kilichobaki ni picha ya uzinduzi.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani anatazama ya watu. Sheria ya India ya Uhamishaji Mali ya 1882 ilitumika Kenya hadi 2012, na mazoea ya wakoloni ya kuandika ardhi tuliyagawana meza moja. Tofauti moja kubwa inahitaji kukumbukwa kabla ya kunakili chochote. Pahani si hatimiliki. Sheria ya mapato ya ardhi ya Karnataka ya 1964 inaichukulia kuwa sahihi mpaka mtu athibitishe vinginevyo, basi. Kuibandika namba ya mtu juu ya dhana hiyo, kisha kuifanya tiketi ya ruzuku, mkopo na fidia, ni kuipa karatasi uzito ambao sheria haikuipa. Kosa lililokuwa likimsumbua mtu siku ya kuuza tu sasa litamsumbua kila msimu wa mvua.

Na yupo ambaye hata rejista kamilifu haimwoni. Karnataka ilifanya mageuzi makali ya ardhi mwaka 1974. Mashamba yaliyokuwa yakilimwa kwa kukodi yalichukuliwa na jimbo ili wapewe waliokuwa wakiyalima, na kukodisha kukapigwa marufuku isipokuwa kwa makundi machache kama wanajeshi. Nia ilikuwa njema, lakini kukodi hakukwisha. Kulihamia kwenye mdomo. Anayelima kwa mkataba wa mdomo hawezi kuandikwa, maana kumwandika ni kukiri kosa la mwenye shamba na kumpa mlimaji dai. Upigaji picha wa mazao kwa simu, unaokwenda sambamba na mpango wa namba, hautamwokoa: picha inasema kipande kina mahindi, haisemi nani aliyanunulia mbegu. Jimbo jingine jirani, Andhra Pradesh, lilijaribu njia nyingine mwaka 2019 kwa sheria ya kadi ya mlimaji ya miezi 11, iliyofupishwa hivyo kwa makusudi ili isizae haki ya kudumu. Hata hivyo iliomba saini ya mwenye shamba, na wenye mashamba walio wengi hawapendi kuweka saini mahali popote penye jina la anayewalimia. Ukame ukija, fidia hutua kwenye akaunti ya mwenye namba, na aliyekopa mbegu hubaki na deni. Safu ya mpangaji bado ipo kwenye pahani, inachapishwa kwa Kikannada kila nakala inapotolewa, na kwa kawaida hutoka tupu.